Kutwa Mara Tatu: Dawa ya Parkinson na Mzee wa Nkololo

Katika maradhi yote yanayomjia mwanadamu uzeeni na kumdhoofisha viungo, ni machache mno ambayo matabibu wameyapatia dawa yenye kutenda kazi kwa dhahiri kama maradhi ya Parkinson. Na katika hayo machache, sidhani kama yapo mengine ambayo dawa yake, ijapokuwa imekwisha kujulikana kwa zaidi ya nusu karne, na ijapokuwa viwanda vingi vya dunia huitengeneza bila ya siri yoyote, imeshindwa kwa kiasi hiki kuwafikia wanaoihitaji. Nia yangu katika safu hii ni kueleza jinsi dawa za maradhi haya zinavyotumika, na kwa nini mzee wa Nkololo, katika Wilaya ya Bariadi, hahitaji kusubiri ajabu mpya kutoka Ulaya wala Marekani, bali anahitaji dawa moja ya zamani, apewe kwa kipimo chake na kwa saa yake, na isikatike.

Maradhi yenyewe yalielezwa kwa utaratibu katika kijitabu cha mwaka 1817 na tabibu wa London aitwaye James Parkinson, ambaye ushahidi wake wote ulikuwa watu 6, na baadhi yao aliwaona njiani tu wakipita. Asili yake, kama ilivyokuja kujulikana baadaye sana, ni kufa polepole kwa seli fulani nyeusi zilizo katika shina la ubongo, ambazo kazi yake ni kutengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo, kuuendeleza na kuupima. Seli hizo zinapopungua, mtu huanza kuwa mzito: vifungo vya shati humchukua muda mrefu, jembe halinyanyuki kama zamani, mkono mmoja hauning'inii huru atembeapo, uso hukosa bashasha hata watu wakadhani amekasirika, sauti hupungua, hatua hufupika, na aghalabu mkono hutetemeka ukiwa umepumzika pajani.

Wasomaji wa umri mkubwa watamkumbuka Muhammad Ali alipofika Dar es Salaam mwezi Februari 1980 na ujumbe wa Rais Carter juu ya kususia michezo ya Olimpiki ya Moscow; mwaka 1984 akatambuliwa kuwa na dalili za maradhi haya, na mwaka 1996 ulimwengu mzima ukamwona pale Atlanta akiuwasha mwenge kwa mikono inayotetemeka. Picha ile iliwafunza watu wengi, lakini pia iliwapotosha kidogo, kwa kuwa iliwafanya wadhani kwamba kutetemeka ndio ugonjwa, ilhali wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa, na wapo wazee wengi wanaotetemeka wakishika kikombe ambao hawana Parkinson hata chembe. Nguzo ya utambuzi ni uzito wa kutenda, ukiambatana na ukakamavu wa viungo au na mtetemo wa mkono uliotulia. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuuthibitisha; daktari hutegemea macho, mikono na subira yake, kisha hutegemea dawa yenyewe, maana mgonjwa akipewa levodopa ya kutosha na akapata nafuu iliyo wazi, nafuu hiyo nayo ni ushahidi.

Yafaa nieleze levodopa ilivyopatikana, kwa sababu anayefahamu asili yake ataelewa pia masharti yake. Mwaka 1913 Marcus Guggenheim, mkemia wa Basel, aliitoa katika maharage mapana, lakini hakuna aliyejua ya kuifanyia. Ilipofika mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iitwayo resapini, iliyowalegeza wakaketi kama mawe, kisha akawapa levodopa, wakainuka. Kazi hiyo ndiyo iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Baada ya Carlsson, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz wa Vienna walionyesha mwaka 1960 kwamba bongo za waliokufa na Parkinson zilikuwa zimepungukiwa mno na dopamini, na mwaka uliofuata Hornykiewicz na tabibu Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa mishipani na kuwaona watu waliokuwa hawawezi kuketi wakisimama na kutembea kwa saa chache. Aliyeigeuza ajabu hiyo ya saa chache kuwa matibabu ya kila siku alikuwa George Cotzias, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwaka 1967, kwa kuanza na vipimo vidogo vya kumeza na kuvipandisha polepole sana.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mgonjwa asipewe dopamini yenyewe, maadamu ndiyo iliyopungua. Sababu ni kwamba dopamini haivuki ukuta uliopo kati ya damu na ubongo, lakini levodopa, ambayo ni mama yake, huvuka kwa kupitia mlango unaotumiwa na chembechembe za protini. Hapo kuna mushkili wa pili: sehemu kubwa ya levodopa hugeuzwa kuwa dopamini tumboni na katika damu kabla haijafika ubongoni, nayo dopamini hiyo ya njiani humtapisha mgonjwa na kumshusha shinikizo la damu. Ndipo ikaongezwa dawa ya pili, kabidopa, au kwa aina nyingine benserazidi, ambayo haina kazi yoyote ubongoni ila huuzuia mwili usiigeuze levodopa mapema. Kwa hiyo kipimo kinachohitajika hushuka hadi kiasi cha robo ya kile cha zamani, na kichefuchefu hupungua. Kidonge chenye kabidopa miligramu 25 na levodopa miligramu 250, ambacho wengi hukijua kwa jina la Sinemet, na ndugu yake Madopar yenye benserazidi, ndivyo vilivyoendesha tiba hii tangu miaka ya 1970, na Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa pamoja na kabidopa katika orodha yake ya dawa za lazima.

Ushahidi bora tulionao kwa nchi yetu hautoki Usukuma, iliko Nkololo, bali Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako Richard Walker na Catherine Dotchin wa Uingereza, wakiwa na wenzao Watanzania, walizunguka nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, wakauliza, wakapima, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Waliwapata wagonjwa 33, yaani kama 20 katika kila watu 100,000. Na baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, kwa kuwa jamii yetu ina vijana wengi, kiwango kikawa 40. Katika wagonjwa hao, asilimia 78 hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana maradhi haya. Mwaka 2011 Gerry Mshana pamoja na Dotchin na Walker wakachapisha mazungumzo na wagonjwa hao na jamaa waliowauguza, ambamo maradhi yaliitwa ugonjwa wa kutetemeka, na sababu zake zikatajwa kwa namna mbalimbali, uzee ukiwa mojawapo. Kwangu mimi, jibu hilo la uzee ndilo lenye madhara kuliko yote, kwa kuwa anayeamini amerogwa angalau hutoka kwenda kutafuta dawa, lakini anayeamini amezeeka huketi.

Nikihamisha kiwango cha Hai na kukiweka juu ya Mkoa wa Simiyu, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2.1, napata wagonjwa kama 400, na pengine ni pungufu kidogo, maana umri wa watu wa Simiyu ni mdogo. Kata yenye watu 15,000 ingepata watatu. Hesabu hii ni yangu, si ya uchunguzi uliofanywa Simiyu, lakini inatosha kuonyesha ugumu wa jambo: mganga wa zahanati ambaye kutwa nzima hushughulika na malaria, nimonia, wajawazito na watoto wanaoharisha, hatalaumiwa akikutana na mmoja wa hao watatu baada ya miaka kadhaa na asimtambue. Na bado naamini hao watatu wapo, na majirani zao wanawajua kwa mwendo wao.

Tumchukulie mmoja wao, mzee wa kubuni, mkulima wa pamba na mfugaji wa ng'ombe wachache, aliyefika kituoni kwa sababu mkono unatetemeka. Yamkini atapewa dawa. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu dawa anayoweza kupewa kwa wepesi si levodopa bali ni benzheksoli, ambayo wengi huiita Artane. Vidonge hivyo hupatikana kwa sababu nyingine kabisa: wagonjwa wa akili wanaotumia haloperidoli au Largactil hukakamaa na kutetemeka kwa madhara ya dawa hizo, nao hupewa benzheksoli ili kuyapunguza. Ni ya bei nafuu, ilianza kutumika katika tiba kabla hata ya levodopa, na hupunguza mtetemo kwa kiasi fulani. Kwa kijana mwenye mtetemo mwingi na akili timamu, sina ugomvi nayo. Lakini kwa mzee wa miaka 70 ni dawa mbaya: hukausha kinywa, hufunga choo ambacho tayari maradhi yenyewe yamekifunga, huzuia mkojo kwa mwanamume mwenye tezi dume, hutia ukungu machoni, na juu ya yote huvuruga kumbukumbu na kumtia mgonjwa katika bumbuwazi, ilhali ule uzito wa kutenda uliomwondoa shambani haiugusi sana. Kumpa mzee benzheksoli kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini si tiba, na nasema hivyo nikijua kwamba wanaoitoa huitoa kwa huruma.

Zipo dawa nyingine ambazo hazimtibu mgonjwa wa Parkinson bali humrudisha nyuma, na baadhi yake zimo katika kila kituo. Plasil, yaani metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa mtu yeyote anayetapika, huzuia dopamini isitende kazi ubongoni. Mgonjwa aliyeanza levodopa juzi akapata kichefuchefu, akapewa Plasil, atakakamaa zaidi ya alivyokuwa kabla ya kutibiwa, na jamaa watasema dawa imemdhuru. Kwa kichefuchefu hicho ifaayo ni domperidoni, ambayo kwa sehemu kubwa hubaki nje ya ubongo, nayo kwa tahadhari kwa mwenye maradhi ya moyo. Sinarizini ya kizunguzungu nayo yaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson kwa mtu asiyekuwa nayo, kwa hiyo swali la kwanza la daktari kwa kila mzee aliyekuwa mzito ghafla liwe ni dawa gani amekuwa akimeza. Hatari kubwa kupita zote ni haloperidoli. Maradhi yakisonga mbele, au dawa ikizidi, mgonjwa aweza kuanza kuona watu wasiokuwapo, watoto kwenye kona ya nyumba au wanyama uani. Nyumba huingiwa na fadhaa, maneno ya uchawi huanza, na katika Usukuma, ambako wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, maneno hayo si ya mchezo. Akipelekwa hospitali akadungwa haloperidoli, maono huenda yakapungua, lakini mwili hufungwa asiweze hata kumeza. Njia sahihi ni kwanza kutafuta homa au maambukizi ya mkojo, kisha kuondoa benzheksoli na nyinginezo kama zipo, kisha kupunguza levodopa kidogo, na ikishindikana, kutumia kwetiapini au klozapini kwa kipimo kidogo mno chini ya uangalizi.

Nije sasa kwenye matumizi ya levodopa yenyewe. Huanzwa kwa kidogo, pengine robo au nusu ya kile kidonge cha 25 na 250, na kupandishwa katika majuma, si kwa siku moja, hadi mgonjwa aweze kufanya yale anayoyataka. Lengo si mkono uache kutetemeka kabisa, bali avae, ale, atembee na aongee. Katika miaka ya mwanzo vipimo vitatu kwa siku hutosha. Hapa kuna desturi yetu moja inayoleta taksiri bila ya mtu kukusudia. Tumezoea kuandikiwa kutwa mara tatu baada ya kula, na kwa dawa nyingi sharti hilo ni jema. Lakini levodopa, kwa kuwa huvuka kwa mlango ule ule wa protini, ikikuta tumbo limejaa maziwa, nyama au dagaa, husongamana mlangoni na kuchelewa au kutofika. Basi imezwe kiasi cha nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Na kama mgonjwa bado mpya na tumbo linamsumbua, atafune kitu kisicho na protini nyingi, na kwa bahati nzuri Msukuma ana michembe na matobolwa nyumbani, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo kwa kazi hii vinafaa kuliko glasi ya maziwa ya mtindi. Vidonge vya madini ya chuma vitengwe na levodopa kwa saa mbili au zaidi, kwani hushikamana nayo. Saa nazo zisichezewe: dawa hii hukaa katika damu kwa muda mfupi, kiwango chake kikishuka nusu kwa takriban saa moja na nusu, na kadiri seli za ubongo zinavyokwisha ndivyo uwezo wa kuihifadhi unavyokwisha, hata mgonjwa wa miaka mingi akawa anajua kwa mwili wake kwamba saa ya kidonge imefika. Yeye hasaidiwi kwa vidonge vikubwa zaidi, bali kwa vidogo zaidi vilivyogawanywa mara nne, tano, hata sita.

Lakini sharti lililo kubwa kuliko yote ni kutokukatika. Mgonjwa aliyezoea levodopa akiiacha ghafla, aweza kupatwa na homa kali, ukakamavu wa mwili mzima na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Sasa tazama uchumi wa Nkololo. Fedha ya mkulima wa pamba huja kwa msimu, ununuzi unapofunguliwa mwezi Mei na vyama vya ushirika vikaanza kupima kwa mizani, kisha hukauka hadi msimu mwingine; bali kidonge hutakiwa mara tatu kila siku, Mei na Januari, mvua ikiwapo na isipokuwapo. Jamaa wema, wakiwa na fedha mkononi, humnunulia baba dawa za miezi miwili au mitatu, baba akasimama, nyumba ikafurahi. Dawa zikiisha, hakuna fedha za kununua nyingine. Matibabu ya namna hiyo ni ya hatari kuliko wanavyodhani, na mtu akiona kwamba dawa itakwisha, heri aanze mapema kupunguza kipimo kwa maelekezo ya daktari kuliko kungoja hadi kidonge cha mwisho.

Kuna hoja moja niliyoisikia hata kwa watu wenye elimu, kwamba levodopa hutenda kazi kwa miaka michache tu kisha huisha nguvu na kuleta mitikisiko ya mwili isiyotawalika, na kwa hiyo afadhali mgonjwa aiweke akiba mpaka azidiwe. Hoja hii ilipata jibu lake hapa hapa barani Afrika. Roberto Cilia na wenzake walilinganisha wagonjwa 91 wa Ghana, ambao kwa umaskini walianza levodopa kwa wastani baada ya miaka 4.2 ya maradhi, na wagonjwa wa Italia walioanza baada ya miaka 2.4, wakaona, katika makala yao ya mwaka 2014, kwamba ile mitikisiko na kule kupanda na kushuka kwa nafuu kulitokea katika umri ule ule wa maradhi kwa pande zote mbili, ijapokuwa Waghana walikuwa wametumia dawa kwa muda mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba kinacholeta matatizo hayo ni kusonga kwa maradhi na ukubwa wa kipimo, wala si urefu wa muda wa kumeza. Aliyejinyima miaka miwili hakuweka akiba yoyote, alipoteza miaka miwili ya kutembea. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2019, uliogawa wagonjwa 445 kati ya wanaoanza mara moja na wanaoanza baada ya majuma 40, haukuona madhara ya kuanza mapema, wala haukuona kwamba dawa huzuia seli kufa. Levodopa haiponyi. Hurejesha uwezo, na uwezo huo kwa mtu mwenye mji na mifugo si jambo dogo.

Zipo dawa nyingine, nazo nitazipitia kwa haraka kwa kuwa ziko mbali na Bariadi. Pramipeksoli na ropiniroli huiga dopamini, lakini huleta usingizi wa ghafla, na kwa baadhi ya watu huzusha tamaa zisizozuilika za kamari na matumizi. Selejilini na rasajilini huchelewesha kuvunjwa kwa dopamini. Entakaponi huirefushia levodopa maisha. Amantadini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mafua makali, iligundulika mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba husaidia, na leo hutumika hasa kupunguza ile mitikisiko. Upo na upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ubongoni, ulioanzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Yote hayo yana mahali pake. Lakini uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa wagonjwa 1,620, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba walioanza na levodopa ya kawaida waliishi maisha mema kidogo kuliko walioanza na zile zinazoiga dopamini au zinazochelewesha kuvunjwa kwake, jambo ambalo lingepaswa kuwafariji wapangaji wa bajeti zetu.

Siwezi kufunga bila ya kuzungumzia upupu, kwa kuwa nimeulizwa habari zake mara nyingi. Ni kweli kwamba mbegu za mmea huo, ambao nywele za maganda yake huwasha hata mtu akakimbia, zina levodopa halisi, na waganga wa Kihindi walizitumia kwa maradhi ya kutetemeka tangu zamani za kale. Cilia yuleyule na wenzake walizijaribu Bolivia kwa wagonjwa 18, kwa kipimo kimoja kimoja cha unga wa mbegu zilizokaangwa, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba unga ulitenda kazi sawasawa na vidonge, na kwa kipimo kikubwa hata ukadumu zaidi. Wengi waliishia hapo kusoma. Lakini walipowapa wagonjwa 14 waitumie kila siku, katika jaribio la majuma 16, nusu yao waliiacha njiani, wengine kwa tumbo kuwasumbua na wengine kwa hali yao kurudi nyuma. Mbegu hazina kabidopa. Kiasi cha levodopa hubadilika kwa aina ya mbegu, shamba na namna ya kupika. Na anayezichanganya na vidonge bila ya kumwambia daktari huweza kujizidishia kipimo maradufu. Simdharau nfumu, yaani mganga wa jadi, anayejua miti yake, na natamani vyuo vyetu vichukue jambo hili kwa uzito kwa kulipima na kulisanifu. Mpaka hapo, unga wa upupu usiwe badala ya kidonge kinachopatikana.

Na isidhaniwe kwamba vidonge peke yake hutosha. Kuanguka, kuganda miguu mlangoni, kupaliwa na chakula, kufunga choo na huzuni ya moyo ni mambo ambayo levodopa huyasaidia nusu au haiyasaidii. Huko huko Hai, Lynn Rochester na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba wagonjwa ambao hawajapata kumeza dawa yoyote walitembea vyema zaidi walipofundishwa kukanyaga kwa kufuata mapigo. Kwa nchi ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, ambako ngoma hushindanishwa kila mwaka baada ya mavuno, mapigo si kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo, na mjukuu aweza kumpigia babu makofi asubuhi kila siku wanapokwenda zizini.

Limebaki suala la njia ya dawa. Mzee wa Nkololo ana zahanati karibu, hospitali Bariadi mjini, na Bugando jijini Mwanza ambako wapo mabingwa. Lakini nauli ya kwenda Mwanza na mtu wa kumsindikiza, kila mwezi, kwa kidonge kilichoandikwa tangu mwaka uliopita, ni adhabu isiyo na sababu. Duka la dawa muhimu la kijijini lina orodha fupi ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na si mahali pa kuitumainia levodopa. Sera yetu inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na msamaha huo ni mzuri, ila msamaha wa bei ya dawa ambayo haipo ghalani haumfai mtu. Rai yangu kwa wafamasia na waganga wakuu wa mkoa na wilaya ni ndogo na inawezekana: bingwa amwone mgonjwa mara moja au mbili kwa mwaka, tena hata kwa simu, daktari wa Bariadi ashike uzi wa matibabu, na vidonge vya wagonjwa wachache waliokwisha kuandikishwa kwa majina viagizwe mfululizo kutoka Bohari ya Dawa, vichukuliwe karibu na nyumbani. Watu 400 kwa mkoa mzima, hata wote wakijulikana leo, hawawezi kuifilisi hazina ya dawa.

Nawe msomaji uliye na mzee nyumbani ambaye amekuwa mzito, mkono wake ukitetemeka ukiwa umetulia na uso wake ukikosa bashasha, usikubali kuambiwa kwamba ni umri. Mpeleke, ukichukua na dawa zake zote anazomeza ili zitazamwe. Na ukifika, uliza kwa jina: levodopa yenye kabidopa. Ukiambiwa haipo, omba iandikwe katika maombi yanayofuata ya dawa, na urudi kuuliza kama imekuja.